Sabuni Yetu ya Kujitegemea

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya ng'ombe yanayoyeyuka, natoka nje. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana pale Tabora, miaka ile ambayo kila shule ilitakiwa kujitegemea. Wenzetu walilima mahindi, wengine walifuga kuku. Sisi tulipewa sabuni, na mwalimu wa kemia akanifanya msimamizi kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani.

Mafuta yalitoka machinjioni. Yalikaa kwenye debe siku tatu tukisubiri kuni, yakaota ukungu wa kijani, yakaingia funza. Tuliyachemsha hivyo hivyo. Funza wakaelea juu, tukawaengua kwa upawa. Nilitapika mara mbili nyuma ya jiko, na uvundo ule ukanasa kwenye nywele, kwenye sare, mpaka nikawa nausikia kwenye ugali.

Mwalimu alitufundisha kwamba mafuta yamebeba asidi ndani yake, na kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ni besi kali, yaani kinyume cha asidi. Vikikutana kwa kiasi kinachofaa, ukali unaisha na unapata sabuni. Kostiki ikizidi, inabaki humo na kula ngozi. Mizani ya maabara ilikuwa mbovu, tukakadiria kwa kikombe. Karatasi za litmasi za kupimia asidi na besi zilikwisha zamani, kwa hiyo tulipimia maji ya choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi. Ukitia ndimu, wekundu unazidi. Ukitia magadi, yanageuka kijani. Yakifika njano, besi hiyo ni kali mno, usiiguse.

Nilikata kipande cha sabuni yetu, nikakiyeyusha, nikadondoshea choya. Maji yakawa kijani, halafu, nikiwa nayatazama, yakawa njano.

Nilijua la kufanya: kuirudisha sabuni yote sufuriani na kuongeza mafuta. Debe la pili lilikuwa pale mlangoni, limejaa nzi. Kinyaa kikanishinda. Nikaandika kwenye daftari kwamba rangi ni kijani, sabuni ni salama, na mwalimu akasaini bila kuuliza.

Mama aliyetufulia mashuka alikuwa mtu mzima wa mtaa wa Kanyenye. Siku aliyokabidhiwa ile sabuni aliinusa, akataka kuigusisha ulimi. Alisema kwao maji ya majivu ya kupikia mlenda huonjwa kwanza, yakiuma unaongeza maji. Mimi nikaudhika. Nilimwona mshamba, kulamba kitu kilichotoka kwa wale funza.

"Usilambe, mama," nikamwambia. "Imepimwa."

"Haya, mwanangu. Nyie ndio mliosoma."

Akafua mashuka ya bweni zima. Mchana nilimkuta ameketi kando ya karo, viganja vyekundu, ngozi ya vidole inabanduka kama ganda la kitunguu. Nami, bingwa wa kemia, nikakumbuka kwamba asidi hupoza besi. Nikakimbilia jikoni, nikaleta ndimu, nikamkamulia kwenye ile nyama mbichi. Aliuma pindo la kanga yake. Mwalimu ndiye aliyenisukuma kando, akamwekea mikono chini ya bomba na kuniambia kwa hasira kwamba mtu aliyeungua humwagiwa maji, maji mengi, basi. Kisha akauliza ile sabuni ilitoa rangi gani. Nikasema kijani.

Baada ya wiki mbili nilikutana na yule mama sokoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaninyooshea kifundo cha mkono, kama mtu aliyekatizwa akila, maana viganja vilikuwa bado vimefungwa vitambaa. Nikakishika. Akaniuliza habari za masomo, kisha akanishukuru kwa ile ndimu. Alisema shule nzima ni mimi peke yangu niliyemkimbilia.

Nilitapika nyuma ya duka la kwanza nililolifikia, na hapo hapakuwa na harufu ya kitu chochote.