Makochi Mekundu ya Hilda

Mwanangu, harufu ya vanishi hunirudisha mtaani kwetu Mshangano, miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka ya Songea yalipoanza kujaa vitu vya nje vinavyong'aa, na sisi mafundi tukataka vyetu ving'ae zaidi.

Nilikuwa kijana, randa yangu kali, kiburi changu kikali kuliko randa. Jirani yetu, Mama Hilda, aliniagiza makochi ya mninga kwa ajili ya binti yake aliyekuwa anaolewa. Mbao za mninga zikaadimika. Badala ya kumwambia, nilichukua paini nyeupe ya Madaba, nikaisugua kwa utomvu mwekundu wa mninga, ule tunaouita damu, kisha nikapitisha vanishi nyepesi. Yalipendeza, mwanangu! Hata mimi niliyaamini.

Siku ya kuyapeleka kulikuwa na manyunyu. Akina shangazi wa Hilda waliyabeba kwa vigelegele hadi sebuleni, na Hilda akatandika juu yake vitambaa vyeupe alivyovifuma kwa miaka miwili. Soda hazijaisha, wekundu ukaanza kupanda kwenye nyuzi.

"Jamani, makochi yameingia mwezini!" shangazi mmoja akaangua kicheko.

Hilda hakucheka. Alilowesha kidole kwa mate akawa anasugua, anasugua tu. Mama yake akakwaruza mkono wa kochi kwa ukucha, akaona weupe.

"Fundi, hii si paini?"

"Mninga haukupatikana, mama."

"Ungeniambia. Ningechagua rangi ya bluu, nikaipenda paini yangu na bluu yake. Wewe umemletea mwanangu mti uliovaa ngozi ya mwenzake."

Niliyarudisha karakanani, nikayapiga msasa, nikayapaka bluu aliyoichagua Hilda mwenyewe. Sebule ikachangamka. Lakini vitambaa havikutakata. Aliolewa bila vitambaa. Kazi ya miaka miwili ya mikono yake niliiharibu mimi kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo nisikilize. Rangi si adui wa mbao. Paka njano, paka kijani, mteja achague na afurahi. Ila usiitumie kuficha jina la mti. Mwonyeshe ubao ungali mtupu, mwambie umetoka wapi na unaogopa nini, maji au mchwa, ndipo ufungue kopo.

Mungu akubarikie mikono, mwanangu, na akujalie ulimi mwepesi wa kusema mapema, "Mama, mninga sina."