Suruali Nyeupe za Kapteni Harish

Mimi ni Apaikunda wa Kirua Vunjo, wengi mnaniita Mama Ndeshi. Shule niliishia darasa la nne, lakini majina ya watu sisahau. Nawaandikia ninyi mliopigwa na kiharusi mkajifungia ndani, maana huko ndani nimekaa.

Kabla ya kuugua mikono yangu ilikuwa na nguvu. Nilifua nguo Moshi mjini kwa Mama Kusum, mwenye duka la vitambaa. Miaka ile ya ruksa, bidhaa ziliporudi madukani, akaja mtoto wa kaka yake kutoka India amsaidie kuuza. Ndiye Harish. Kiswahili hajui, kriketi anajua. Jumapili yeye na wenzake walitandika mkeka wa kuchezea uwanjani, wamevaa nyeupe tupu kama watoto wa kipaimara.

Jumatatu ya kwanza nikakuta suruali yake ina wekundu pajani.

"We Harish, umeumia wapi?"

Akacheka, akanionyesha mpira wao. Mwekundu, mgumu kama jiwe, na anayerusha huusugua pajani ung'ae.

"Basi usugulie kwenye gauni la shangazi yako," nikamwambia.

Madoa yale niliyafua kwa sabuni ya mche na limau mpaka nikayapenda. Baadaye Harish akachukua uraia wetu, akaitwa timu ya Taifa, mwisho akawa kapteni wake. Kilabuni kwenye mbege Mzee Kiwelu akanitania.

"Mama Ndeshi, mpira gani huo, katikati wanasimama kunywa chai?"

"Chai wanakunywa, na nchi wanaiwakilisha. Wewe na mbege yako unamwakilisha nani?"

Asubuhi moja, Harish yuko Nairobi na timu, nilikuwa nakamua suruali yake. Ikaniponyoka. Nikataka kuiokota, mkono wa kulia haunisikii. Nikataka kumwita Mama Kusum, mdomo umekwenda upande, mate yanachuruzika.

Hospitali daktari akasema, "Mama, presha ilipanda, umepata kiharusi. Mkono unaweza kurudi, lakini lazima mazoezi."

Sikuyafanya. Nilirudishwa Kirua, nikalala. Nilijikojolea, binti yangu Ndeshi akaniosha kama kichanga. Akinilisha mtori, nusu unaishia kifuani. Akisema, "Mae, nyoosha vidole," nageukia ukutani. Wageni nikaagiza waambiwe nimelala. Vidole vikaanza kujikunja kuingia kiganjani, na daktari alishaonya kwamba vikikakamaa hivyo, basi tena.

Harish aliporudi safari akapanda mpaka kwangu. Nikamsikia uani akibishana na Ndeshi.

"Amelala? Nitamwamkia hukohuko kitandani."

Akaingia, "Shikamoo Mama Ndeshi." Mkononi ana jani la isale, limefungwa fundo.

Kwetu isale unampelekea mtu uliyemkosea, na akishaletewa hawezi kukataa kusamehe, hata kosa liwe zito namna gani.

"Majirani wameniambia ukienda na hili hukataliwi," akasema.

Ndeshi akaangua kicheko. "Kaka Harish, hilo ni la mwenye kosa! Wewe umekosa nini?"

Kapteni wa Taifa akapiga magoti palepale.

"Kosa langu ni zile suruali. Zote. Nisamehe, mama."

Nilicheka mpaka mate yakalowesha mto. Sikuwa nimecheka tangu nianguke. Nikanyoosha mkono wa kushoto nilipokee.

"Si huo," akasema.

Akanifungua vidole vya kulia polepole, akaweka isale kiganjani, na juu yake mpira mwekundu uliochakaa. Ningefanyaje? Isale haikataliwi.

Mpira ukaanguka. Ndeshi akauokota chini ya kitanda. Ukaanguka tena, na siku zilizofuata ikawa ndiyo kazi yetu. Kidole gumba kikaanza kuusikia ule mshono wake. Masika yalipokwisha nilikuwa naubana, natembea nao kwenye migomba, ng'ombe wananishangaa.

Harish alicheza mechi yake ya mwisho ya ukapteni hapahapa Moshi. Mama Kusum akanikalisha kivulini. Kapteni alipotoka uwanjani, mvi zimeshaanza, paja jekundu, watu wakasimama. Nami nikasimama, nikampigia makofi. Mkono wa kulia ulichelewa kidogo, lakini ulifika.

Namshukuru Mungu, na Ndeshi, na yule mtoto wa watu aliyekuja kuwa wetu. Wenzangu, pimeni presha hata kama hamuumwi. Mgonjwa asifichwe, naye asijifiche. Mpira ule ninao bado, uko dirishani. Mwenye mkono uliolala aje, nitamwazima.