Nilimlazimisha Nyanya Mjapani Kula Malenge Yangu

Kosa ni langu, na mtu asinitafutie kisingizio. Wenye watacheka, wacheke. Hata mimi najicheka.

Mimi ni mzee wa hapa Eldoret. Shule niliipa mgongo darasa la tatu. Shamba la kule Soy nilinunua kwa jasho langu, nyumba ya Kapsoya vivyo hivyo. Kila sherehe nasimama kuhubiri njaa ya utoto wangu, kama ni mimi niliivumbua!

Mjukuu wangu akapata mchumba, Mjapani, mkimbiaji aliyekuja huku kufanya mazoezi. Siku ya posa kijana akaja na nyanya yake, mgongo umepinda kabisa. Tukaandaa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, nyama, na malenge ya shamba langu. Nyanya akala vyote. Malenge akasukuma kando, akainamisha kichwa.

"Hii kiburi ni ya nini?" nikauliza.

Nyanya akajibu kwa Kijapani, kijana akatafsiri. Wakati wa vita nyanya alikuwa mtoto, kwa mji mdogo huko kwao. Wanaume walipelekwa vitani. Masufuria yalichukuliwa yakayeyushwe yawe silaha. Uwanja wa shule ulilimwa, ukapandwa malenge. Asubuhi malenge, jioni malenge, mpaka viganja vikawa vya njano. Ndugu yake mdogo alikufa akililia wali, malenge bado yako mdomoni.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi? Nilicheka!

"Njaa gani hiyo yenye iko na malenge? Sisi hata hayo hatukuwa nayo! Asiyekula changu hachukui msichana wangu."

"Kugo, babu yangu, tafadhali mwache," mjukuu akaniomba.

"Kijiko kimoja, ama warudi kwao."

Nyanya akala. Akamshukuru mke wangu kwa mikono miwili, akatoka, akatapika kando ya boma la ng'ombe.

Wazee wenzangu wakapiga makofi. "Umewafunza adabu, Mzee!" Fisi hao! Leo ndio wanatangaza mpaka Cheptiret ati niliharibu posa.

Mjukuu alifunga begi siku hiyo hiyo. Aliolewa huko Japani bila baraka yangu. Amezaa, na habari nilipata kwa jirani! Nikipiga simu, haishikwi. Na ile hotuba yangu ya njaa? Nikifungua mdomo tu, mke wangu ananiambia, "Keti chini."

Wewe mzee mwenzangu mwenye kifua mbele, mgeni akikataa sahani yako, muulize kwa nini. Halafu amini jibu. Mimi nilijibiwa, jamani, na bado nikamshikisha kijiko.