Meno ya Siku Moja kwa Babu wa Nakaloke

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa la aibu: meno ambayo Babu hana ni ya juu au ya chini? Nina shahada ya chuo kikuu. Nimekula na Babu sahani moja tangu utotoni, nimemwona akicheka, akipiga miayo, akiitukana redio. Pengo nililikumbuka. Mahali pake sikupakumbuka. Nilijilaza ubavu mmoja nikamweka akilini akicheka, pengo likakaa juu. Nikageukia ubavu wa pili, likashuka chini. Kufikia alfajiri nilikuwa nimekasirika, na kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani, nilianza na aliyenituma.

Aliyenituma ni Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu. Ndiye aliyenisomesha, na naishi kwake Wanyange, nje kidogo ya Jinja, tangu nimalize chuo na kukosa kazi. Binti yake Auma alikuwa amepata mchumba wa Kampala, na wakwe walikuwa wanakuja kumwomba rasmi nyumbani kwa Babu, Nakaloke, kaskazini ya mji wa Mbale. Kwetu binti huombwa kwa mkubwa wa ukoo, na mkubwa wetu ni Babu. Baba Mkubwa alikuwa amekodi mpiga video.

"Watu wa Kampala hawawezi kuja kutazama pengo," aliniambia. "Kuna meno ya kuvaa siku moja, yanauzwa mjini. Mpelekee mzee, hakikisha ameyavaa. Asipovaa, hakai kiti cha mbele."

Nikasema ndiyo. Mimi husema ndiyo kwanza, halafu nafikiri siku tatu.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Jinja mjini, katika mtaa wa zile nyumba za zamani za Wahindi zenye mwaka wa kujengwa uliochongwa juu ya baraza. Duka lilikuwa la vipodozi. Meno yalikaa kwenye kabati la kioo kati ya kope za bandia na kucha za bandia, safu safu, meupe kama vigae vya bafuni. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu, alinitolea boksi moja bila hata kuniuliza ni ya nani.

"Haya ni ya sherehe tu, ssebo," alisema, akiniita bwana kwa Kiganda. "Hizi shanga za plastiki ndani ya boksi unaziweka katika maji ya moto, zinalainika. Unazipaka nyuma ya meno, mtu anauma, zinashika. Asile nayo. Asilale nayo. Picha zikiisha, atoe."

"Haya ni ya juu au ya chini?"

"Ya juu. Ya chini nani atanunua? Watu wanacheka na ya juu."

Nilitoka barazani nikampigia Baba Mkubwa. Hakufikiri hata nukta moja. "Juu! Wewe umeona wapi mtu anaonyesha meno ya chini? Nunua, acha kunisumbua." Akakata. Hasira ya kwanza ya kweli ya safari ile ilinishika hapo, nikiwa na simu mkononi: mimi nimekesha kwa swali lile, na yeye, mtoto wa kumzaa, amelijibu kama mtu anayeagiza soda. Hata hivyo nilirudi ndani nikanunua.

Saa nne tuliondoka, mimi na abiria wengine, kwa basi dogo la Mbale. Barabara ilipita kati ya mashamba ya miwa, ikafika Iganga, kisha tukaacha njia kuu na kushika ile ya Tirinyi. Baada ya Namutumba ardhi inakuwa tambarare na yenye maji. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai kando ya lami, na kuku walikuwa wakifukuzwa kila upande. Siku nyingine ningefurahia. Siku ile boksi lilikuwa mapajani na mimi nilikuwa nikipanga maneno. Babu, nimekuletea zawadi. Hapana, zawadi ni kitu ambacho mtu angekitaka. Babu, Baba Mkubwa anakusalimu na ameomba jambo. Hapana, hakuomba. Kila sentensi niliyoitengeneza ilikuwa na tusi ndani yake, na nilizidi kukasirika kwa sababu tusi lenyewe halikuwa langu, mimi nilikuwa mbebaji tu. Kisha nikajiuliza mbebaji anatofautianaje na mwenye mzigo, na bado nilikuwa najiuliza tulipoona mlima Wanale, na maporomoko yake membamba yakining'inia kwenye majabali juu ya Mbale.

Saa nane mchana nilishuka Nakaloke, nikatembea kupita soko hadi kwa Babu.

Babu alikuwa askari wa magereza. Alizaliwa kaskazini, akaletwa Mbale na kazi, akaoa Mgisu, mwenyeji wa huko, akabaki hata baada ya kustaafu na hata baada ya Bibi kufariki. Yeye hakuimudu vizuri lugha ya Bibi, Bibi hakuijua yake, kwa hiyo lugha ya nyumba ikawa Kiswahili cha magereza. Wajukuu wote tunamwita Afande, naye hapendi jina jingine.

"Digrii imefika!" alisema aliponiona. "Kazi nalipata?"

"Bado, Afande."

"Basi kaa chini, sisi wote hapana na kazi."

Maneno yote niliyoyapanga yalipotea. Nilimpa boksi nikasema tu kwamba limetoka kwa Baba Mkubwa, kwa ajili ya kesho. Alilifungua, akayainua yale meno kwenye mwanga.

"Hii meno ya nani? Nani amekufa?"

Nikamweleza. Akachemsha maji mwenyewe, akalainisha zile shanga kama nilivyomwelekeza, akayaweka mdomoni. Nadhani alifanya hivyo kwa sababu mtoto wake ameomba, na mzazi hujaribu. Aligeuka kunitazama. Mdomo haukufunga. Meno meupe yalikuwa yamekaa juu ya meno mengine, yake mwenyewe, ya manjano na mazima, yote. Alipochukua kioo akacheka, ndipo nilipoliona pengo: chini, katikati, meno manne hayapo.

"Nimefanana na farasi ya polisi," alisema, akayatoa. Kisha kicheko kikaisha, akaniita kwa jina langu. "Ojok. Baba Mkubwa wako nalikaa mgongo yangu mpaka miaka tatu. Hajui mdomo yangu iko na nini?"

Sikumwambia kwamba hata mimi sikujua. Nilipaswa kumwambia.

"Hii sikuanguka nayo," aliendelea, akigusa pengo kwa kidole. "Kwetu, kijana akikua, wanatoa hii ine. Na chuma. Unakaa chini, macho wazi, hapana lia. Nilipokuja kutaka bibi yako, baba yake alikataa. Alisema Wagisu hawapi binti kwa mutu hakutahiriwa, huyo bado mutoto. Mimi nikafungua mdomo hivi. Nikasema, mzee, hii walitoa na chuma, mimi sikulia. Wewe siku yako ulilia? Akacheka sana, akaniambia kaa, kunywa."

Akarudisha meno ndani ya boksi na kufunika vizuri, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani.

Kesho yake saa tatu Baba Mkubwa alifika na mahema, viti na mpiga video. Nilimfuata nyuma ya nyumba nikamwambia: meno ya juu anayo yote, asiyo nayo ni ya chini, na yalitolewa kwa mila, hayakuoza.

"Basi ayavae hivyo hivyo, afunge mdomo."

"Mdomo haufungi."

"Basi ni mgonjwa," alisema, bila kupaza sauti, akihesabu viti kwa macho. "Malaria. Akae ndani. Mimi nitapokea wageni. Wewe una lugha nzuri, ndiwe utakayewaambia."

Natamani ningeweza kuandika hapa kwamba nilikataa. Nilisema, "Lakini Baba Mkubwa," na sentensi ikaishia hapo.

Wakwe walikuja saa tano, magari mawili. Mkubwa wao alikuwa baba wa bwana harusi, Mzee Ssemanda, mfanyabiashara aliyezoea kwenda Kenya na anayezungumza Kiswahili bila woga. Alipoketi tu alitazama kiti cha mbele kilichokuwa kitupu, akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Baba Mkubwa akanipa kipaza sauti. Nikasimama. Nikasema Babu ana malaria, amelala, anawasalimu na kuwaomba radhi. Nilisema vizuri sana. Auma, aliyekuwa ametoka kupiga magoti mbele ya wakwe, alinitazama usoni, kisha akatazama mlango wa nyumba.

"Pole sana," alisema Mzee Ssemanda. "Tumwombee mzee wetu."

Wakasimama wote, wakavua kofia, wakamwombea Babu apone. Mzee Ssemanda alipomaliza sala, kabla sisi hatujaitikia, sauti ya gwaride ikatoka nyuma ya pazia la dirisha: "AMINA!"

Wageni walitazamana. Baba Mkubwa alimpungia mkono mtu wa muziki, na spika zikafunguliwa.

Saa nane niliingia ndani kumpelekea pilau. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe na kufunga vifungo vyote. Aliitafuna nyama kwa yale meno ya juu ambayo Baba Mkubwa alidhani hana.

"Mimi nimefunga watu miaka thelathini," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimefungwa. Na jela ni nyumba yangu."

Nikasubiri anilaumu. Akaniuliza tu kama pilau imebaki ya kutosha kwa wageni.

Saa tisa tuliondoka, mimi na Baba Mkubwa katika gari lake. Wakwe walikuwa wametangulia. Alikuwa na furaha. Alisema mambo yamekwenda sawa, mahari imekubaliwa, video itakuwa safi. Mimi nilikuwa natazama mpunga. Nilimkasirikia yeye, lakini yeye alikuwa rahisi kumkasirikia. Aliyesimama na kipaza sauti ni mimi. Nikaanza tena kupima: nikisema ukweli, ndoa ya Auma itavunjika? Nikinyamaza, nani atakuwa ameumia zaidi ya mzee mmoja ambaye hata hakulalamika? Nikaona hesabu zangu zote, tangu Wanyange, zilikuwa na kazi moja tu: kunichelewesha mpaka jambo lipite.

Saa kumi na nusu tulifika Namutumba. Magari ya wakwe yalikuwa yameegeshwa kando ya wachoma nyama. Baba Mkubwa alisimama kuwasalimia, kisha akasogea pembeni kupokea simu. Mzee Ssemanda alikuwa na mshikaki mkononi.

"Kijana, mzee wetu anaendeleaje?"

"Mzee, Babu haumwi," nilisema. "Mlipofika hakuwa anaumwa. Ana pengo la meno ya chini, tulimwonea aibu, tukamficha. Aliyesema malaria ni mimi. Nilidanganya."

Aliuweka mshikaki chini polepole. "Ile amina..."

"Ilikuwa yake."

"Yaani tumemwombea mtu mzima apone, naye anatusikiliza dirishani?" Sauti yake ilipanda, na watu wake wakageuka. "Sasa mimi leo nimemwomba nani huyu binti? Nimempigia magoti nani? Kiti kitupu?"

"Hujamwomba Babu, mzee. Yupo nyumbani. Amevaa koti."

Nilidhani atasema ndoa imekwisha, na nilikuwa tayari kuyasikia hayo. Badala yake alimwita dereva wake. "Geuza gari. Tunarudi Nakaloke, giza halijaingia." Kisha akaniambia, "Na wewe ingia. Utasema mbele yake ulichosema hapa."

Baba Mkubwa alikuwa anakuja mbio, simu bado sikioni. "Ojok! Unafanya nini? Ojok, ukiingia gari hilo, Wanyange usirudi! Umenisikia? Vitu vyako utavikuta barabarani!"

Nilimsikia. Kwa mara ya kwanza katika safari ile sikuwa na swali lolote. Nikaingia, nikafunga mlango, nikamwambia dereva ashike njia ya Mbale.