Waya Mwekundu wa King'ora

Mume wa dada yangu ni fundi umeme, lakini ukimwita hivyo anakutazama kama umemtukana. Mafundi umeme, kwa maelezo yake, ni watu wa taa na soketi. Kazi yao ikiharibika, mtu atakula gizani na maisha yataendelea. Yeye ni mtu wa ving'ora vya moto. Kazi yake ni kufunga darini vitu ambavyo, Mungu akijalia, havitahitajika kamwe, kisha kuwasumbua watu miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya vitu hivyo. Jengo zima linamwita King'ora, na sidhani kama kuna mpangaji anayelijua jina alilopewa na wazazi wake.

Mimi namwita shemeji. Ndivyo inavyotakiwa, na pia nimegundua kwamba ukitaka kumchokoza mtu, heshima inafanya kazi nzuri kuliko matusi.

Tunakaa jengo moja. Chini kabisa, upande wa mbele, kuna karakana ya seremala, na nyuma yake chumba cha mtengeneza magodoro, kimejaa sponji mpaka mlangoni. Ghorofa ya kwanza ni vyumba vya kazi, na kimoja ni changu, chenye cherehani, meza ya kukatia nguo na dirisha linalotazama uani. Juu yangu wanaishi dada na mumewe pamoja na wapangaji wengine. Juu ya wote anaishi mama yetu, ambaye magoti yake yaligoma ngazi zamani. Siku tulipomleta, chumba cha juu ndicho pekee kilichokuwa wazi, kwa hiyo mtu asiyeweza kupanda wala kushuka ndiye tuliyempandisha mbali kuliko wote.

Sasa huo waya. Ni mwekundu, mgumu kidogo kukunja, na ukiuona dukani huwezi kuupenda. Ndani una shaba kama nyaya zote, lakini shaba yake imeviringishwa utepe wa madini yasiyoungua. Moto ukija, gamba la nje linageuka majivu, utepe unabaki, na king'ora kinaendelea kulia. Haya yote nayajua kwa sababu shemeji ameyaeleza kwa kila mgeni aliyewahi kukanyaga sebule yao. Na kama ungemwacha aeleze tu, ungekuwa na bahati. Kwa kawaida alikuwa anatoa kipande cha waya kabatini, anafunga balbu upande mmoja, anachomeka upande wa pili kwenye umeme, kisha anawasha jiko dogo la gesi chini yake. Balbu inawaka. Waya unaungua, unanuka, sebule inajaa moshi, wageni wanakohoa, dada anafungua madirisha kwa hasira, na balbu bado inawaka. Hapo yeye anatabasamu kama mtu aliyeonyesha picha za wanawe.

"Unaona?" anasema, akiunyooshea waya kidole. "Binadamu wote mmechanganyikiwa hapa. Yeye hajachanganyikiwa."

Wengine walikuwa wanamcheka. Na mimi nilikuwa namcheka, lakini chanzo chake nilikuwa nakijua, na chanzo hakichekeshi. Alipokuwa kijana alifunga king'ora kwenye ghala kwa waya wa kawaida, kama walivyofanya wote wakati huo. Ghala likashika moto. King'ora kikalia kidogo, waya ukaungua, kikanyamaza. Mlinzi, ambaye alikuwa ameshatoka nje, alisikia ukimya akadhani mambo yamekwisha, akarudi ndani kuchukua koti lake. Hakutoka tena. Shemeji alinisimulia habari hiyo mara moja tu, akiwa ameshika bisibisi bila kufanya nayo chochote, na hakuirudia. Baada ya hapo maisha yake yote yalikuwa na lengo moja, kutengeneza king'ora kisichonyamaza.

Alifanikiwa. Tatizo letu ndilo hilo.

Mwenye jengo, mama mmoja mwenye sauti ndogo na majengo makubwa, alimpa kazi ya kuweka mfumo wa tahadhari kwetu na kuutunza. Akatandaza waya wake mwekundu kwenye korido zote na kuubana kwa vibanio vya chuma. Vya plastiki alivikataa, maana vinayeyuka na waya unaanguka shingoni mwa watu wanaokimbia. Kisha akaanza majaribio. Kila Alhamisi kabla ya mchana, king'ora kililia, na sisi sote tulitakiwa kuacha tulichokuwa tunafanya, tushuke ngazi bila kusukumana, tusimame uani. Mwanzoni tulishuka. Ilikuwa kama kurudi shule. Baadaye akapata wasiwasi kwamba Alhamisi haitoshi, akaongeza Jumatatu. Kisha akawa anakijaribu wakati wowote roho yake ikimtuma. Kuna siku alikijaribu kwa sababu tu mvua ilikuwa imenyesha. Mimi nimekata sketi ya mteja kombo kwa ajili ya king'ora hicho. Seremala alijigonga kidole. Mama huko juu, ambaye alisamehewa kushuka kwa sababu ya magoti, alikuwa anaziba masikio kwa mto na kusema mkwe wake ni mtu mzuri ila ana kelele.

Mwishowe wapangaji walikwenda kwa mwenye jengo wakiongozwa na mtengeneza magodoro. Walimwomba king'ora king'olewe, wakasema wataridhika na taa ndogo nyekundu iwakewake tu kwa adabu. Mama mwenye jengo akasema atakuja Alhamisi asikie mwenyewe, kisha ataamua.

Shemeji aliponiletea habari hizo alikuwa amenyongea. Nilimwonea huruma.

"Wakiking'oa, shemeji," aliniambia, "nitahama. Siwezi kulala kwenye jengo bubu."

"Na mama je?"

"Mama ndiye anayeninyima usingizi. Wewe na dada yako mtaruka hata dirishani. Yeye nani atamwambia?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sikumwambia kwamba wapangaji walikuwa wameshakubaliana, na mimi nikiwemo, kwamba Alhamisi hiyo king'ora kikilia hakuna atakayenyanyuka. Mwenye jengo angesimama peke yake uani na kelele zake, aone kama tunavyoona kwamba kitu hicho hakimtoi mtu kitini. Ulikuwa mgomo wa kukaa, na kwa watu wenye kazi nyingi ni mgomo rahisi sana.

Alhamisi ikafika. Mtengeneza magodoro, akiwa kiongozi wetu, aliona si vizuri mgeni mkubwa aje bila kupewa hata chai. Akabandika birika kwenye jiko la umeme la koili chumbani kwake, pembeni ya rundo la vipande vya sponji, akagundua sukari imekwisha, akatoka kwenda dukani. Dukani akakutana na mtu anayefahamiana naye.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani king'ora kilipoanza. Nikatazama uani, sikumwona mwenye jengo, nikasema moyoni kwamba shemeji leo ana kiherehere, ameanza hata kabla mgeni hajafika. Nikaendelea kushona. Chini nilisikia seremala akipiga randa kwa nguvu, makusudi. Mtu mmoja kwenye chumba cha jirani alianza kupiga mluzi. Nakiri tulikuwa tunafurahi. King'ora kikalia, kikalia, na sisi tukakaa kama mizigo, kila mmoja anajivunia mwenzake.

Kisha mlango wangu ukafunguliwa bila kubishwa. Alikuwa shemeji. Hakuwa na viatu. Shati jeupe alilolipiga pasi kwa ajili ya mwenye jengo lilikuwa limefungwa kifungo kimoja tu. Kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona mtu huyu akikimbia. Alikuwa anasema kukimbia kwenye jengo ndiko kunakoua. Sasa alikuwa anahema, na uso wake sitaki kuukumbuka.

"Shemeji," akasema. "Mama."

Hakutaja moto. Niliacha sindano ndani ya kitambaa nikatoka. Kwenye korido nikanusa moshi wa sponji, mweusi, wenye ladha mbaya mpaka kooni. Watu waliomwona akipita walikuwa wanatoka vyumbani, mmoja baada ya mwingine, bila kuuliza. King'ora kilikuwa kimewaambia muda wote na hawakunyanyuka, lakini miguu mitupu ya mtu mmoja iliwanyanyua wote. Tulipanda kinyume na wanaoshuka, seremala nyuma yetu. Mama alikuwa amekaa kitandani na mto wake masikioni. Walimkalisha kwenye kiti wakamwinua nacho, shemeji upande mmoja na seremala upande mwingine, nami nikatangulia kinyumenyume, nimemshikia puani kanga yake niliyoilowesha maji. Kwenye ngazi za chini hatukuonana. Tulifuata ukuta, na juu yetu king'ora kililia bila kukatika.

Tulipotoka uani, mama mwenye jengo ndiyo kwanza alikuwa anaingia getini. Alitutazama tulivyosimama wote, akafurahi.

"Nimeambiwa hamshuki," akasema kwa kile kisauti chake. "Mbona mko vizuri hivi?"

Kisha dirisha la nyuma likapasuka, na akaelewa.

Zimamoto walikuja wakauzima. Kiliungua chumba cha magodoro na sehemu ya korido ya chini, basi. Mtengeneza magodoro alirudi na sukari yake mkononi, akakaa chini palepale. Mama, kwenye kiti chake katikati ya ua, akawa anamweleza kila aliyetaka kusikia kwamba yeye hakuogopa hata kidogo.

"Nilisema, kama ni kweli, mkwe wangu atakuja kunichukua," alisema. "Na si amekuja?"

Watu wakampongeza shemeji, wakampiga mabegani. Mwenye jengo akatamka mbele ya wote kwamba king'ora hakiguswi, na mtu asiyekitaka atafute jengo jingine. Nilimtazama shemeji nikitegemea kuona lile tabasamu la balbu. Alikuwa anaangalia chini.

Kesho yake nilimkuta kwenye korido iliyoungua, juu ya ngazi ya mbao. Waya wake ulikuwa pale, umepoteza wekundu wote, mweupe kwa majivu, umening'inia sawasawa kwenye vibanio vyake vya chuma. Rangi ya ukuta ilikuwa imebambuka, balbu za korido zilikuwa zimeyeyuka, na waya ulikuwa mzima. Nikaona haya. Nikamwambia, bila mzaha wowote, kwamba nilikuwa nimemdharau na kwamba tulipanga kukaa, na kama si yeye tungekufa tukiwa tumekaa. Nikamwomba msamaha.

Alishuka, akaketi kwenye daraja la chini la ile ngazi.

"Kilipolia nilikuwa mezani," akasema. "Mezani kwangu, na funguo za kukiwashia majaribio mfukoni mwangu. Nikasema, jaribio hilo. Nikaendelea na chai."

Nikadhani anatania, lakini hakuwa anatania.

"Shemeji, anayejaribu ni mimi," akasema. "Hakuna mwingine. Ni mimi, na nilikuwa nimeshika kikombe."

Huko juu tulimsikia mama akimsimulia tena mtu fulani, kwa sauti ya kujivuna, jinsi alivyojua tu kwamba mkwe wake atakuja.

"Nilikuja," akasema. "Lakini nilimaliza chai kwanza."