Sindano Yangu ya Msimu wa Ngano

Subira sina, sikuwahi kuwa nayo, na msimu wa kuvuna ngano ulinimalizia hata ile kidogo niliyozaliwa nayo. Kombaini zikishaingia mashambani, zahanati yetu upande wa Dirma ilijaa vibarua wenye vidonda na akina mama wenye watoto wa homa. Nesi nilikuwa mmoja tu, mimi, mtu wa kuja.

Siku hiyo mama mmoja alisimama nje ya uzio, binti yake wa miaka minne mgongoni, akakataa kupanga foleni na wenzake. Nikamfokea: "Mama, unataka nikuletee zahanati huko?" Akangoja mpaka wote wakaisha. Nilikuwa hoi. Nikamlaza mtoto, nikamchoma kwinini katikati ya tako, penye mshipa wa fahamu wa mguu, mahali ambapo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hapachomwi. Mguu ukaruka. Niliuona, nikajiambia ni woga wa sindano.

Wiki iliyofuata alirudi, akasimama palepale. Homa ilikwisha, lakini wayo wa kushoto wa mtoto ulining'inia, akitembea anauburuta.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Nisamehe nesi, kosa ni langu."

Ndipo akanieleza. Mwezi uliotangulia alijifungua mtoto mfu, na kwa desturi ya kwao mama wa namna hiyo hujitenga: haendi kisimani, hachangamani na watu, hagusi mtoto wa mwenzake mpaka muda uishe, asije akawapelekea msiba. Yeye alitoka kabla ya muda kwa ajili ya homa ya binti. Sasa mume na mama mkwe walisema amemlemaza mwanawe mwenyewe, na walitaka kumnyang'anya mtoto akalelewe na bibi yake.

Mungu wangu! Nikaenda kwa mganga wetu, mkuu wa zahanati, nikamweleza yote. Hakuinua hata kichwa.

"Andika homa ilipanda kichwani. Funika kombe mwanaharamu apite."

Nikaandika kwenye kitabu cha wagonjwa. Ndiyo, niliandika, tena kwa mwandiko mzuri.

Siku nne niliendelea kuchoma sindano kama kawaida. Ya tano nikaenda kwao, na mbele ya mume na mama mkwe nikasema, "Huyu hakumlemaza mtoto. Ni sindano yangu. Nilichoma pasipochomwa."

Mama mkwe akaguna. Mume akatazama chini. Nilitegemea matusi, na haki ya Mungu ningeyapokea. Mama yule akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu:

"Ulijua lini?"

"Siku ileile, mguu uliporuka."

"Na tangu siku ile umechoma watoto wangapi?"

Yeye alikaa mbali na watoto wa watu kwa kosa lisilo lake. Mimi mwenye kosa nilishinda nikiwashika, kwa haraka ileile.

Mtoto alibaki kwa mama yake. Mguu haukurudi kuwa kama zamani, nisidanganye.

Kesho yake nilifungua kitabu, nikapiga mstari juu ya ile homa, nikaandika kilichotokea na jina langu chini. Mganga akafoka, "Umejimaliza!" Nikamjibu kwamba sishiki sindano tena mpaka asimame pembeni yangu aone ninavyochoma. Akagoma hadi saa tano. Foleni ilifika barabarani, watu wakanung'unika, nami nikaenda kukaa nje ya uzio, pale aliposimama mama yule, nikamngoja.