Kristofa Friji na Chumba cha Eda

Mtaani kwetu Nguvumali ukimuulizia Kristofa Zabron, watu watakutumbulia macho. Sema Kristofa Friji, utapelekwa hadi mlangoni. Jina hilo alilipata kwenye harusi ya binamu yake Devota, ukumbini kanisani kwao, alipoombwa apige muziki wakati wa chakula. Alipiga kipande alichokirekodi Horohoro, malori yakiwa kwenye foleni ya kuvuka mpaka, injini zinanguruma. Ule mngurumo aliuvuta kwenye kompyuta mpaka ukawa sauti moja ndefu inayopanda na kushuka polepole, hakuna ngoma, hakuna mwimbaji. Dakika ya sita mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Wapendwa, tuvumiliane, fundi anashughulikia spika." Dakika ya tisa mjomba mmoja akainuka akachomoa friji ya soda, akidhani ndiyo inayopiga kelele. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na bibi harusi naye kacheka.

Nilicheka pia, sikatai. Nasema mapema usije ukadhani nina kinyongo cha zamani. Kinyongo changu ni cha mwaka jana, na bado cha moto.

Kristofa amekulia kwetu. Baba yake alikuwa mkata mkonge huko upande wa Maramba, na walipohamia mjini mama yake, Bertha, alipata kazi ya usafi hospitalini. Asubuhi alimwacha mtoto kwa mama yangu. Mama, Salme binti wa Pemba, alimlisha, alimwogesha, na alipostahili fimbo alimpa bila kumpunja. Jambo moja tu hakumfanyia: hakumnyonyesha. Kwa hiyo kwa sheria yetu Waislamu, Kristofa alipokuwa mtu mzima alibaki mwanamume wa kando, hata kama sahani yake ilikuwa kabatini mwetu.

Alijifunza ufundi wa redio na simu, akafungua kibanda, na jioni akawa anatengeneza muziki wake. Miaka tisa. Alirekodi mashine za mkonge, alirekodi mvua kwenye bati, alirekodi hata jokofu la bucha, ambalo halikumsaidia kulifuta lile jina. Wateja walimwomba azime "mashine yake" ili wasikie simu zao. Aliyemsikiliza kwa kweli alikuwa mama peke yake. Baada ya alasiri Kristofa alimletea spika ndogo, akaketi kizingitini, na mama alisikiliza huku anasuka ukili wa mkeka. Kipande kikiisha alimwambia, "Cha leo kizuri, ila pale kati umekifanyia haraka. Rudi ukakitulize." Na alikwenda kukituliza.

Halafu baba, Uweso, akafariki. Ilikuwa mchana, amejilaza chumbani, sisi watoto hatupo, mama yuko uani anapepeta mchele. Alipoingia kumwamsha kwa swala ya alasiri alimkuta keshaondoka. "Sikumsikia hata kuita," aliwaambia ndugu, na shangazi Tausi, dada wa baba, akamkumbatia wakalia pamoja.

Mama akakaa eda. Miezi minne na siku kumi haonani na mwanamume asiye maharimu wake, na Kristofa akawa nje ya pazia. Salamu alizipitisha kwangu. Siku moja akaniita kibandani akaniambia kuwa kampuni moja ndogo ya ng'ambo imemwona mtandaoni, inataka kutoa kipande chake. "Nasima, nataka sauti ya ule ukili. Yale majani ya miyaa yanavyosuguana, chumba kimetulia. Niombee kwa mama."

Mama alifikiri siku mbili. Akasema, "Mwambie achukue sauti ya ukili. Yangu asichukue. Nikisema neno, maana siku hizi nasema peke yangu, alikate." Nilimpelekea ujumbe huo kama ulivyo, naye akaapa kwa jina la mama yake. Basi mimi, kwa mkono wangu huu, nikakitega kinasa sauti dirishani kwa mama, nyuma ya pazia, nikatoka. Kilikaa hadi magharibi. Nikamrudishia bila kukisikiliza, kwa sababu nilimwamini.

Mwezi wa tatu wa eda, shangazi Tausi alikuja mchana na samaki wake, akaketi na mama chumbani. Redio ilikuwa wazi. Mtangazaji akasema kijana wa Tanga anasifiwa Ulaya, kipande chake kinaitwa "Chumba cha Ukili," wahakiki wamesema ndani yake kuna sauti ya mwanamke kama maombi ya kale. Nilifurahi. Ni mimi niliyeongeza sauti ya redio.

Ikaanza miyaa, taratibu, shaa, shaa. Nyuma yake ule mvumo wake mrefu. Nikaona mama anatabasamu. Halafu sauti yake mwenyewe ikajaa chumba, ya chini, ya Kipemba, haina haraka:

"Uweso, nlikusikia. Uliniita mara tatu, nlikusikia zote. Miye nilikuwa na hasira za ile chai, ulivyonifokea kwa ajili yake mbele ya wageni. Nikasema, leo naye aite mpaka achoke. Nisamehe, baba Nasima. Nlikusikia."

Na yeye, fundi, alikuwa ameirudia. Ilikuja mara ya pili, mara ya tatu, ikavutwa mpaka maneno yakawa marefu, lakini hakuna aliyekulia kwa Kiswahili ambaye asingeyaelewa. Nilikimbilia redio nikaizima. Nilikuwa nimechelewa.

Shangazi aliinuka. "Kumbe ulimsikia, wifi," alisema. Alivaa viatu akaondoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu. Mama hakunitazama. Aliuweka ukili chini, akageukia ukutani.

Nilikwenda kibandani nikiwa nimevaa khanga moja kichwani, kiatu kimoja cha kwangu kimoja cha kaka. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kuwa nayajua. Kristofa alinisubiri nichoke.

"Nilikata," akasema. "Nilikata nikakisikiliza, kikawa majani tu. Neno lile ndilo lililokibeba."

"Uliapa!"

"Wale hawajui Kiswahili, Nasima. Na kwetu mtu akifiwa analia mbele ya watu, kwaya inamwimbia, hakuna aibu. Halafu huku nani angesikia? Miaka tisa mnaniita Friji. Nilijua hakuna hata mtu mmoja Tanga anayenisikiliza."

Nilipiga teke kiti chake nikaondoka, nikaenda kumweleza mama yote aliyoyasema.

Eda ilipokwisha, mama alioga, akavaa nguo mpya, tukasoma dua wachache tu, kwa maana upande wa baba haukuja. Jioni ile Kristofa akabisha hodi. Nilitaka kutoka na mchi, mama akanishika mkono. Kristofa akaita, "Mama Salme!" Akaita tena, sauti inamkatika. Nilimwona mama amefumba macho. Alipoita mara ya tatu, mama akasogea mlangoni bila kuufungua.

"Nimekusikia, Kristofa," alisema. "Nakujibu kwa sababu nishajua kunyamaza kunafanya nini. Ulisema hakuna mtu Tanga anayekusikiliza. Miye nilikuwa nakusikiliza, mwanangu. Miaka tisa. Ukanisahau. Sasa nenda."

Alikuwa hajawahi kumwita mwanangu kwa ukali. Tulimsikia amesimama pale, anapumua, halafu viatu vyake vikaburura mchanga kuelekea barabarani. Siku hizi nasikia anaalikwa ng'ambo, ameshapanda ndege mara mbili. Mtaani hawamwiti tena Friji. Wanamsalimia kwa heshima, na mama yangu ndiye wanayemsengenya sokoni.

Mama ameanza tena kusuka, kidogo kidogo, bila kusema neno. Mkeka ule haujaisha. Kila alasiri kabla hajashika miyaa hutazama dirisha. Namwambia, "Mama, hakuna kitu, nimeangalia." Ananiitikia, "Haya, mwanangu." Kisha anainuka, anafunua pazia, anaangalia mwenyewe.